Namba ya Juu

Katika miaka saba ya ndoa yake, Clemence hakuwahi kukaa chumba kimoja na mama mkwe wake, na wala halikuwa jambo la ugomvi. Ilikuwa heshima. Siku hizi ukishuka Lushoto mjini utawakuta watu na wakwe zao wamejibwaga kwenye kochi moja, wanaangalia tamthilia na kugombania rimoti. Nyumba ya kina Janeth, mkewe, kule Magamba, haikuwa ya hivyo. Kule mama akimwona mkwewe anapandisha njia hujifunika kanga na kuzungukia nyuma ya nyumba, naye mkwe huangalia pembeni kana kwamba ameitwa na mtu. Hawapeani mikono. Hawali pamoja. Mama humwita mkwewe “baba” tu, na jina la mama mkwe halitoki kinywani mwa mkwe wa kiume hata akiwa usingizini.

Sasa shetani, ambaye hana kazi maalumu, akaleta kontena.

Kampuni ya mawasiliano aliyofanyia kazi Clemence ilitafuta mahali tambarare karibu na msitu pa kuweka mitambo yake ya faiba. Pakapatikana kwenye shamba la marehemu mzee Tobia, baba yake Janeth. Kontena likashushwa, likazungushiwa waya, na mjane wa Tobia akaajiriwa kuwa mlinzi na mfagiaji wake. Fundi wa kulikagua kila mwezi alikuwa nani? Clemence. Fundi na mlinzi, mkwe na mama mkwe, na kontena lenye mlango mmoja.

Walijitahidi. Kila tarehe mosi Clemence alifika na fomu yake, akasimama nje ya waya, akakohoa. Mama alikuwa ndani akifuta vumbi, na kwa kuwa mlango ulitazama njia, hakuwa na pa kutokea bila kukutana naye uso kwa uso. Basi yeye akabaki ndani, fundi akabaki nje, na kazi ikafanyika kwa sauti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba.”

“Kile kipimo cha ukutani kinasemaje leo?”

“Ishirini na nane.”

Clemence akaandika: unyevu, asilimia ishirini na nane. Mara ya kwanza kalamu ilisita kidogo. Magamba hii, ambako ukungu unaingia hadi kwenye kopo la chumvi, unyevu uwe ishirini na nane? Lakini kumuuliza mama mkwe swali lilelile mara mbili ni sawa na kumwambia anaongopa. Akaweka sahihi. Mwezi uliofuata akaambiwa ishirini na saba, kisha ishirini na nane tena, na miezi tisa ikapita hivyohivyo bila fundi kukanyaga ndani zaidi ya kizingiti. Hata siku kifaa kimoja kilipoharibika, mwezi wa tatu, waliokuja kukibadilisha walikuwa mafundi wa Tanga. Yeye alikuwa likizo.

Hicho kifaa ndicho kiini cha mkasa wote, kwa hiyo tukiangalie kidogo. Kwa nje kilikuwa kiboksi cha bati unachoweza kukificha kwenye kiganja. Ndani yake mlikuwa na kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, na juu ya kipande hicho mota nane, kila moja ndogo kuliko punje ya ulezi. Mota hizo hazikuwa na nyaya za kuzungushwa wala sumaku. Kila moja ilikuwa na vichanuo viwili vilivyoelekeana, meno ndani ya meno bila kugusana. Ukivipa umeme, kimoja humvuta mwenzake kwa umemetuli, ule ule unaoliza sweta unapoivua siku ya baridi kavu. Kichanuo kikivutwa, kinageuza kioo kisichoonekana kwa macho, na mwanga uliokuwa ukisafiri kwenye faiba moja unahamia nyingine. Ndiyo kazi yake yote. Faiba ya barabara ya Mombo ikikatika, vioo vigeuke, mawasiliano ya Lushoto yapite njia ya pili, ya kuzungukia Mlalo, na watu wasijue kama kulikuwa na tatizo.

Mwezi wa tano mvua zikaporomosha mlima kwenye kona moja ya barabara ya Mombo. Faiba ikakatika. Vioo havikugeuka.

Lushoto nzima ikakaa bubu. Asubuhi ya siku ya pili, Mhandisi Sharifa alivuka maporomoko kwa miguu, matope hadi magotini, akamkuta Clemence ofisini. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Tanga asiyepoteza maneno.

“Kiswichi cha kwanza, kile kilichoharibika mwezi wa tatu, tulikipeleka maabara,” alisema. “Kilikuwa na maji ndani. Kifuniko chake kinavumilia unyevu kidogo, si wa kuogelea. Sasa na hiki cha pili kimekwama. Fomu zako zinasema ishirini na nane, miezi tisa. Maana yake kuna mtu analeta maji mle ndani ukishaondoka.”

“Inawezekana, mhandisi.”

“Si inawezekana, ndivyo ilivyo. Mimi narudi Mombo kwenye mtandao, niongee na wakubwa. Wewe panda Magamba. Kikiwaka tu, nitakupigia. Na nikipiga nataka jina. Kuna mtu atapoteza kazi kwa hili, na sitaki awe mtu asiyehusika.”

Clemence akapanda. Ilikuwa siku ya soko, Magamba pote pamehamia mjini na makapu ya kabichi na plamu, na ukungu umelalia mashamba hadi huoni mbuzi aliyefungwa hatua kumi mbele yako. Hakutoa taarifa kuwa anakuja. Angeitoaje, simu zote zimekufa? Nyumba ya mama ilikuwa kimya. Mlango wa kontena ulikuwa wazi, umezuiwa kwa jiwe. Akakohoa. Hakujibiwa. Akakohoa tena, akasema shikamoo kwa ukungu, akaona ni salama, akaingia.

Asingeweza kufungua kiboksi kile huku ukungu ukiingia. Jambo la kwanza alilofanya, basi, lilikuwa kusukuma jiwe kwa mguu na kuufunga mlango. Mlango wa chuma ukajibana kwa mlio mzito. Alipogeuka kuangalia kitasa cha ndani, akaona tundu. Kitasa hakikuwepo. Kilikuwa kimeng'oka siku nyingi, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi humo alijua jiwe lile ni la nini. Fundi mkaguzi ndiye hakujua.

Alisukuma. Alipiga teke. Aliita. Sauti ikamrudia kutoka kwenye kuta za bati, na feni zikaendelea kunguruma. Simu haikuwa na hata mstari mmoja wa mtandao, na mtandao wenyewe ulikuwa umekwama ndani ya kile kiboksi mbele yake. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na cha kucheka.

Hapo akaona maharage. Punje tatu, nne, sakafuni, chini ya feni inayotoa hewa ya moto. Akainama. Nyuma ya mtambo wa kuchaji betri kulikuwa na magunia yaliyotandazwa, na juu yake maharage mabichi ya mbegu, debe zima, yamepangwa vizuri yapigwe na joto la mitambo. Hewa mle ndani ilinuka kama jiko asubuhi.

Nyuma ya betri mtu akapiga chafya.

Kuna chafya za aina nyingi, na hii ilikuwa imezuiwa kwa muda mrefu sana. Clemence akaganda. Polepole, upande wa pili wa kabati la betri, ikaonekana pindo la kanga, kisha ungo, kisha mgongo wa mwanamke aliyegeukia ukutani.

“Nisamehe, baba,” mgongo ukasema. “Nilikusikia umeshafika mlangoni. Sikuwa na pa kutokea.”

Mungu wangu, alifikiri Clemence, na hakumaliza wazo. Kontena lilikuwa na urefu wa hatua sita na upana wa hatua tatu. Akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa chuma cha mlango, akageuza uso, na katika kugeuza uso macho yake yakaangukia kipimo cha ukutani.

Kidude cheupe chenye kioo, kina namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ilikuwa 28, na pembeni yake alama ya joto. Ya chini ilikuwa 81, na pembeni yake alama ya asilimia.

Aliisoma mara tatu. Miezi tisa mama alimsomea joto, kwa uaminifu, kwa sauti nzuri, na miezi tisa yeye aliandika unyevu. Angeweka kichwa ndani mara moja tu, kwa dakika moja, angeona. Angeona na maharage. Lakini angeingiaje?

“Mama,” alisema, akiutazama mlango, “tumefungiwa.”

“Najua. Nilisikia jiwe likienda.”

“Mpaka lini watapita watu?”

“Wakirudi sokoni. Jioni. Na ukungu huu, hata wakipita hawatasikia.”

Hapakuwa na njia isipokuwa kukifufua kile kifaa. Mtandao ukirudi, atampigia Mussa jirani, aje afungue. Clemence akawasha kompyuta yake, akatuma umeme kwenye mota, kwanza kidogo, kisha zaidi. Saba zikageuka. Ya tatu, iliyobeba mstari mkuu wa Lushoto, haikutikisika. Vichanuo vyake vilikuwa vimenatana kwa unyevu kama vioo viwili vilivyolowa ukivibandika pamoja. Akaongeza umeme. Akaongeza tena, jasho likimtiririka kisogoni.

“Kimelowa?” mgongo ukauliza.

“Kimelowa, mama.”

“Kilicholowa hakilazimishwi. Kitavunjika. Kinakaushwa.”

Akamsikia mama akipekua. Kisha kopo la maziwa ya unga likasukumwa sakafuni hadi katikati ya kontena, na mama akarudi kwenye kona yake kabla Clemence hajaja kulichukua. Ndani mlikuwa na majivu ya kuni, meupe, makavu kiasi kwamba yalikimbia kidole.

“Ya kuhifadhia mbegu,” alisema. “Yanakunywa maji yote. Lakini usiyaguse na hicho kidude chako. Yafunge kwenye kitambaa.”

Clemence akayafunga kwa vitambaa vya kufutia faiba, tabaka mbili. Akachomoa kiboksi, akakilaza juu ya fundo lile ndani ya kopo, akafunika, akazungushia utepe wa gundi na kuliweka kopo juu ya mtambo wa kuchaji, penye joto. Ikawa saa sita na robo. Sasa kungoja.

Ningependa kusema muda ule walizungumza mambo makubwa. Walichozungumza kwa saa nzima ya kwanza ni hewa. Joto lilipanda. Maji hayakuwepo. Clemence alikuwa ameamkia vikombe viwili vya chai, na kuna mambo mtu hawezi kuyasema mbele ya mama mkwe hata kama maji yamemfika shingoni. Akabana miguu, akahesabu misumari ya mlango. Alikuwa amekaa kitako, amempa mama mgongo; naye mama amempa mgongo; kama vitu viwili vilivyotengenezwa visigusane. Kila alipoangalia pembeni, kile kipimo kilikuwepo. Themanini na moja. Themanini na moja.

“Baba,” mama alisema hatimaye. “Ni maharage yangu, eti?”

Clemence akahesabu tena misumari ya mlango.

“Mwaka jana mbegu zote ziliniozea darini. Nikaona humu mna upepo wa moto, unapotea bure. Siku mbili tu yanakauka. Sikujua kama mashine nayo inavuta pumzi.” Ungo ukachakarika kidogo. “Watataka kujua nani.”

“Wanataka jina.”

“Basi liandike. Najua huwezi kulitaja. Lakini kuandika siyo kutaja.”

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayemsogezea mgeni kiti. Clemence alijua, kama anavyojua sala ya Bwana, kwamba maharage yalikuwa kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa na sahihi tisa, na sahihi hizo zilikuwa zake. Angemwambia sasa hivi, wakiwa wawili tu, ingekuwa imekwisha.

“Na zile namba,” mama akaendelea, “nilizokuwa nakusomea. Zilikuwa sawa?”

Feni zilinguruma. Clemence alifungua kinywa.

“Zilikuwa sawa, mama.”

“Haya. Afadhali,” akasema mama, na akashusha pumzi. “Hilo ndilo lililokuwa linaniogopesha. Nisije nikakuharibia wewe.”

Alijiambia kwamba anamfichia aibu. Kwamba mtu mzima haambiwi alisoma namba isiyo yake. Uongo mbaya kuliko wote ni ule unaojifunika kanga ya heshima, kwa kuwa hata mwenyewe anayeusema huona haya kuuvua.

Saa tisa na nusu akafungua kopo. Akarudisha kiboksi mahali pake, akachomeka faiba moja moja. Akatuma umeme kidogo. Mota ya tatu haikusogea. Akatuma tena. Akasubiri. Akatuma mara ya tatu, na kwenye kioo cha kompyuta mstari ulioshikamana na sifuri tangu jana ukaruka juu. Mahali fulani ndani ya bati lile, kitu kidogo kuliko punje ya ulezi kilikuwa kimejiachia kutoka kwa mwenzake na kugeuka. Taa nyekundu ikawa kijani. Simu mfukoni ikaanza kuangua meseji.

“Kimekubali,” alisema. Mama akapiga vigelegele vidogo, vya chini kwa chini, akitazama ukuta.

Kabla hajampigia Mussa, simu ikaita. Sharifa. Feni zilimzidi sauti, akaweka spika.

“Hongera, Clemence. Lushoto inaongea. Umepata chanzo?”

“Kuna maharage, mhandisi. Yalikuwa yanaanikwa humu.”

“Maharage!” Sharifa akavuta pumzi. “Na nani?”

“Mlinzi.”

“Mlinzi ana jina. Niko na wakubwa kwenye simu nyingine, wanasubiri kuandika. Jina.”

Ningekuwa na uwezo ningeikata ile simu. Jina lake mwenyewe lilikuwa ulimini. Alilisikia kabisa, Clemence Kristian, linagonga meno kutokea ndani. Alifikiri juu ya Janeth. Alifikiri juu ya kurudi kulima kabichi. Alifikiri kwamba mama mwenyewe amekubali, si amekubali?

“Yusta,” alisema. “Yusta Tobia.”

Lilitoka jepesi, hilo ndilo lililomtisha. Miaka saba amelizunguka jina lile kama mtu anavyozunguka kaburi, na siku alipolitaja kwa mara ya kwanza alilitaja kwa kumshtaki mwenye jina. Kwenye kona, mgongo ulishtuka, kama wa mtu aliyemwagiwa maji. Mama akavuta kanga akajifunika zaidi.

Mussa alifika baada ya nusu saa na kuufungua mlango. Clemence akatoka mbio kuelekea migombani bila hata kumsalimia. Aliporudi, mama alikuwa ameshashuka nyumbani kwa njia ya nyuma, kichwa kimefunikwa, ungo mkononi. Bado alimkwepa. Bado alikuwa mkwe wake.

Jumamosi Sharifa alipanda kukabidhi kazi kwa mlinzi mpya, kijana wa Kwai aitwaye Abrahamu. Mama alikuja na funguo. Alisimama nje ya mlango, Clemence akasimama upande wa pili wa waya, kama zamani. Sharifa alikuwa mtu wa kufundisha kila kitu mwenyewe. Akamshika Abrahamu bega akamsogeza mbele ya kipimo.

“Hiki utakisoma kila siku. Namba ya juu ni joto, hiyo achana nayo. Ya chini ndiyo unyevu. Ikifika hamsini, unanipigia. Umeelewa? Ya juu, joto. Ya chini, unyevu.”

“Ya juu, joto,” Abrahamu akarudia.

Mama aliangalia ndani ya kontena, kile kidude cheupe. Midomo yake ilisogea kidogo, kama anayehesabu. Kisha akageuza shingo, polepole, akamwangalia Clemence. Hakujifunika. Alimwangalia usoni kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi, na Clemence ndiye aliyetafuta pa kuficha macho. Akaweka funguo juu ya jiwe la mlangoni, akaenda zake.

Jumapili baada ya ibada, Janeth alitaka kwenda kumsalimia mama yake. Clemence alibuni visingizio viwili, vyote vikakataliwa. Wakapanda na watoto. Walipokaribia, Janeth na watoto wakatangulia mbio, na yeye akasimama mahali pake pa siku zote, penye mgomba wa kwanza, akakohoa kumpa mama nafasi ya kuondoka.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, ungo magotini, anachambua maharage yaliyoota ukungu. Hakuinuka. Kanga ilikuwa mabegani na kichwa kilikuwa wazi, mvi zote zinaonekana. Clemence akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Akangoja. Angetoa chochote siku ile, amwone anakimbilia nyuma ya nyumba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Clemence,” mama alijibu, akimtazama. “Pita tu. Kiti hicho hapo.”

Janeth, aliyekuwa ameshafika jikoni, akatoa kichwa mlangoni, akamwangalia mama yake, kisha mumewe. Clemence akapita. Akakaa kwenye kiti, hatua mbili kutoka kwa mama mkwe wake, na mama akaendelea kuchambua maharage.